Siku sita za Aprili 2010: mlima wa Iceland uliokwamisha minofu yetu Mwanza

Alhamisi tarehe 15 Aprili 2010, saa kumi na mbili kasoro jioni, nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha baridi cha kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, daftari la mzigo mkononi. Nilikuwa karani wa upakiaji. Maboksi meupe ya minofu ya sangara yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa kifua, lori la baridi linanguruma uani, dereva ameshakunywa chai yake ya safari. Njia ilikuwa ile ile ya kila wiki: Musoma, Sirari, Nairobi, halafu ndege ya usiku kwenda Ulaya. Simu ya msimamizi wetu ikaita. Alisikiliza, akasema "haiwezekani" mara mbili, akaishusha.

"Shusheni mzigo," akatuambia. "Anga la Ulaya limefungwa. Kuna mlima umelipuka."

Tukashusha, boksi moja baada ya jingine, na katika foleni ya wabebaji swali lilikuwa moja: mlima gani huo wenye nguvu ya kuzuia samaki wa Ziwa Victoria? Mmoja akasema kuna vita inafichwa. Mwingine akasema moshi umetanda mpaka marubani hawaoni mbele. Mimi, niliyekuwa na daftari na kalamu, nilitazamwa kama mtu wa kujua, na sikujua. Hilo lilinikera kuliko kazi ya kushusha. Tangu mwaka ule nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu mlima ule na wenzake, na nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa taratibu, kwa sababu karibu maelezo yote yaliyozunguka mjini yalijengwa juu ya kosa moja. Watu walidhani mlipuko ulikuwa mkubwa mno.

Haukuwa mkubwa hivyo. Volkano ya Pinatubo ya Ufilipino, mwaka 1991, ilitupa juu mawe na majivu zaidi ya mara 20 ya yale yaliyotupwa na mlima huu wa Iceland. Kilichoifanya Aprili 2010 iwe vile ilivyokuwa ni mambo matatu kukutana siku moja: magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) ya aina fulani, barafu juu yake, na upepo wa kuelekea kusini mashariki. Ondoa moja, na lori letu lingefika Nairobi alfajiri kama kawaida.

Mlima wenyewe

Eyjafjallajökull uko kusini mwa Iceland. Urefu wake ni mita 1,651, hata theluthi ya Kilimanjaro haufiki. Jina lake lina maana ya barafuto ya milima ya visiwa, na sehemu ya mwisho, jökull, ndiyo barafuto yenyewe: barafu ya kudumu inayojirundika mlimani mwaka baada ya mwaka mpaka uzito wake unaifanya iteleze polepole kuelekea bondeni. Ndani ya kreta ya kilele, yaani shimo la volkano, yenye upana wa kilomita 2.5 hivi, barafu hiyo ilikuwa na unene wa mita 200 hivi. Kwa kulinganisha tu, ziwa letu lote, hata pale penye kina kirefu kabisa, halifiki mita 90. Chini ya kifuniko hicho kulikuwa na volkano hai, iliyolipuka mara ya mwisho kati ya 1821 na 1823.

Moto huo unatoka wapi? Iceland imekaa juu ya mpasuko unaopita katikati ya Bahari ya Atlantiki. Bamba la Amerika Kaskazini na bamba la Ulaya na Asia, vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanaachana kwa sentimita 2 hivi kila mwaka, na chini ya kisiwa kuna joto la ziada linalopanda kutoka vilindini. Mwamba wa moto ukipanda, uzito ulioukandamiza unapungua, na mwamba unaanza kuyeyuka bila kuongezewa hata nyuzi moja ya joto. Naomba msomaji alishike hili, maana nitalirudia mbele: mwamba wa chini sana huyeyuka pia kwa kutuliwa mzigo.

Sisi wa Mwanza tunaishi jirani na mpasuko wa namna hiyo lakini hatuusikii. Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili ikalizunguka ziwa: mashariki ndiko aliko Ol Doinyo Lengai, aliyelipuka kwa kishindo mwaka 2007, magharibi ndiko aliko Nyiragongo, aliyemwaga lava mpaka mjini Goma mwaka 2002. Katikati tumebaki sisi, juu ya granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nene na baridi. Ukilitazama Jiwe la Bismarck pale majini, unatazama kipande cha ngao ya mwamba wa kale ambayo ufa uliizunguka badala ya kuipasua.

Vipindi viwili, magma mbili

Mlima haukushtukiza. Matetemeko madogo yalirekodiwa mwaka 1994 na tena 1999, magma ikijipenyeza kati ya matabaka ya miamba na kuishia humo. Kisha mwanzoni mwa 2010 matetemeko yakawa maelfu, na vifaa vya kupimia vikaonyesha ubavu wa mlima unavimba. Usiku wa 20 Machi ardhi ikapasuka mahali paitwapo Fimmvörðuháls, kwenye kipito kati ya barafuto mbili, pasipo na barafu nene. Magma iliyotoka ilikuwa basalti, nyepesi kutiririka, yenye silika, ile malighafi ya kioo, ya asilimia 47 hivi. Ikaruka juu kama chemchemi, ikateremka korongoni, na watu wakapanda kwa miguu na kwa magari kwenda kuitazama. Ndege za Ulaya ziliendelea kuruka. Tarehe 12 Aprili ikazimika.

Ingeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Lakini magma mpya haikuwa imeisha. Ilijisukuma kuelekea chini ya kilele, ikakuta mabaki ya magma ya zamani, nzito, ambayo watafiti wanadhani ilibaki kutoka mlipuko wa karne ya 19. Moto mpya ukaliamsha rojo la zamani. Mchanganyiko uliopanda alfajiri ya 14 Aprili ulikuwa na silika ya asilimia 58 hivi. Silika ikiongezeka magma inakuwa nzito, na magma nzito inashikilia gesi zake kama ugali wa moto unavyoshikilia mapovu mpaka yanapasuka na kumrukia mpishi mkononi. Safari hii tundu lilifunguka chini ya ile barafu ya mita 200.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa jambo ulipo, na ufafanuzi wake nimeupata ziwani kabla ya kuukuta vitabuni.

Usiku mmoja nilikwenda na shemeji yangu kuvua dagaa. Karabai ilikuwa imewaka tangu saa mbili, kioo chake hakishikiki. Karibu na saa nane kijana mmoja aliuinua wavu kwa pupa, matone mawili ya maji ya ziwa yakaruka yakakigusa kioo. Tulisikia mlio mdogo, mkavu, na kioo kizima kikawa vipande, vingine vidogo kama chembe za chumvi, vikielea kwenye mwanga kabla taa haijazimwa. Maji yalikuwa matone mawili tu. Kioo kilipasuka kwa sababu upande mmoja ulipoa na kunywea ghafla huku upande wa pili ungali moto.

Magma ikigusa maji baridi inapitia jambo hilo hilo. Haipati muda wa kupoa na kujipanga kuwa jiwe la kawaida. Inaganda papo hapo kuwa kioo, na kioo hicho kinapasuka, na vipande vinapasuka tena. Kila kipande kipya kinafungua uso mpya wa moto kwa maji, na maji yanazidi kugeuka mvuke. Mvuke nao una nguvu zake: unahitaji nafasi ya mara 1,600 hivi ya maji uliyotokana nayo. Anayekaanga mapanki, mabaki ya sangara baada ya minofu kukatwa, analijua hili kwa makovu ya mikononi. Mama mmoja pale Igogo aliwahi kunizuia nisimpe mapanki mabichi mfululizo: "Subiri yachuje maji, mwanangu. Tone moja likizama kwenye mafuta, mafuta yote yanaruka." Tone huzama, hugeuka mvuke chini ya mafuta, na mvuke huyapasua mafuta kuwa matone madogo mno. Weka magma ya nyuzi 1,000 mahali pa mafuta, na barafu inayoyeyuka mahali pa tone, na fanya hivyo kila sekunde kwa siku kadhaa.

Ndivyo yalivyozaliwa majivu ya Eyjafjallajökull. Neno majivu lenyewe linapotosha, maana hakuna kitu kilichoungua. Ni unga wa kioo na mawe, wenye chembe nyingi zisizoonekana kwa jicho. Mlima ukaupandisha hadi kilomita 9 au 10 angani, urefu ambao ndege za abiria hupita. Wale wabebaji wenzangu waliosema moshi walikosea kidogo tu kwa macho, lakini sana kwa maana: moshi usingezuia ndege.

Injini ya ndege kubwa huchoma kwa joto linalozidi nyuzi 1,400. Unga huu wa kioo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,100 hivi. Unaingia kama vumbi, unayeyuka ndani ya tumbo la injini, halafu unaganda tena kwenye mapanga ya nyuma kama uji uliokaukia sufuriani, na njia ya hewa inaziba. Desemba 1989 ndege ya KLM iliingia kwenye wingu la volkano ya Redoubt kule Alaska, injini zote nne zikazimika, ikashuka zaidi ya mita 3,000 kabla marubani hawajafanikiwa kuziwasha tena. Walitua salama Anchorage. Redoubt nayo ina barafuto juu yake.

Maji yanayofuata moto

Barafu iliyoyeyuka lazima iende mahali. Saa chache baada ya mlipuko wa kilele, mafuriko ya maji, barafu na matope yaliteremka kwa ulimi wa barafuto wa kaskazini hadi mto Markarfljót. Watu wapatao 800 walikuwa wameshahamishwa usiku. Kilichonivutia zaidi ni uamuzi wa wahandisi: waliikata kwa makusudi barabara kuu ya kisiwa, wakachimba mapengo kwa katapila ili maji yapite pembeni na daraja lisibebwe. Tuta la barabara hurudishwa kwa siku chache, daraja haliwezi. Hakuna aliyekufa kwa mafuriko yale.

Mafuriko haya yana jina lake Iceland, jökulhlaup, kwa sababu yanarudi tena na tena. Mfano mkubwa ni wa mwaka 1996. Tarehe 30 Septemba mlipuko ulianza chini ya Vatnajökull, barafuto kubwa kuliko zote za huko, penye barafu ya zaidi ya mita 500. Maji hayakutoka siku hiyo. Yalijikusanya mwezi mzima chini ya barafu, kwenye ziwa la kreta ya Grímsvötn, huku wataalamu wakisubiri na barabara ikiwa imefungwa. Tarehe 5 Novemba yakapasua, yakafagia madaraja ya uwanda wa mchanga ulioko kusini. Mlipuko ulikuwa umeshakoma zaidi ya wiki tatu.

Na kuna kisa ambacho siwezi kukipita haraka. Tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia ililipuka usiku. Ulikuwa mlipuko mdogo, mdogo kuliko ule wa Iceland. Mawe ya moto yaliyeyusha sehemu tu ya barafu ya kilele, maji yakashuka mabondeni yakizoa udongo na mawe njiani, yakizidi kuwa mazito kila kilomita, mpaka yakawa kama zege linalokimbia. Yalichukua zaidi ya saa mbili kufika mji wa Armero. Saa mbili! Mtu wa Armero angetembea tu kwa miguu kupanda mwinuko wa karibu. Ramani ya hatari ilikuwa imechorwa wiki kadhaa kabla na ilionyesha mji ule uko njiani. Watu zaidi ya 20,000 walifukiwa. Kila ninapokilinganisha na Markarfljót naumia, kwa kuwa fizikia ni ile ile, tofauti ilikuwa amri ya kuondoka iliyotolewa mahali pamoja na kutotolewa mahali pengine.

Ukivisoma visa hivi kwa pamoja unaona mwenendo. Pasipo barafu, basalti inatiririka na watu wanaitazama. Chini ya barafu nene sana, ya kilomita moja au mbili, uzito unauzuia mvuke usipanuke, na lava inajiviringisha kimyakimya kama mito ya kulalia. Barafu ya kati, mita mia moja, mia mbili, ndiyo ya hatari kwa anga: ina maji ya kutosha kuipasua magma, haina uzito wa kutosha kuizuia. Kilele cha Aprili 2010 kilikuwa hapo hapo.

Lakini sikubaliani na wanaoisingizia barafu kila kitu. Kufikia 18 Aprili hivi, barafu ya kuzunguka tundu ilikuwa imeyeyuka, maji yakapungua, na wingu likashuka sana. Hata hivyo majivu laini yalirudi kwa nguvu mwezi Mei, wakati tundu lilikuwa karibu kavu. Wakati huo magma ilijipasua kwa gesi zake yenyewe. Barafu ilifanya siku za mwanzo ziwe mbaya zaidi, na siku za mwanzo ndizo zilizokutana na upepo mkali wa kutoka kaskazini magharibi, ulioubeba unga moja kwa moja hadi Uingereza, Uholanzi na Ubelgiji.

Barafu kama mzigo

Sasa narudi kwenye lile nililoomba lishikwe. Barafu haingojei tu magma ifike juu. Inaweza kuathiri kama magma itapanda kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 2004 ziwa la Grímsvötn lilianza kumwaga maji yake, uzito juu ya kreta ukapungua, na tarehe 1 Novemba volkano ikalipuka. Magma ilikuwa tayari inasukuma. Kilichotolewa ni kifuniko. Kwa muda mrefu zaidi jambo hili ni kubwa mno. Zama za barafu zilipokwisha, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, Iceland ilivuliwa barafu nene ya kilomita moja na zaidi, ardhi ikainuka, miamba ya vilindini ikatuliwa mzigo, na kwa karne kadhaa volkano zake zikatoa lava mara nyingi zaidi kuliko leo, makumi ya mara. Leo barafuto za huko zinapungua tena na ardhi inainuka tena. Watafiti wanafuatilia, na athari zake huhesabiwa kwa vizazi.

Rafiki yangu mwalimu pale Kirumba aliponisikia nikieleza haya aliuliza papo hapo: "Na Kilimanjaro, kaka? Si volkano yenye barafu?" Swali zuri. Kibo bado anatoa mvuke wenye salfa ndani ya kreta yake, na barafu yake imepungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya 2 kufikia 2011. Lakini barafu ya Kibo ni nyembamba, makumi ya mita, imekaa vipande vipande. Uzito wake kwa miamba ya vilindini ni kama unyoya mgongoni mwa ng'ombe. Kuyeyuka kwake hakuwezi kumwamsha. Tunachopoteza pale ni barafu yenyewe, na hilo peke yake linatosha kusikitisha.

Wiki ile kiwandani

Anga lilibaki limefungwa, nchi moja baada ya nyingine, kwa siku sita hivi. Safari za ndege zipatazo 100,000 zilifutwa, na watu milioni 10 hivi wakakwama. Naivasha walitupa maua ya waridi. Sisi tulikuwa na samaki. Ijumaa simu za mawakala hazikukatika. Mmoja alipiga akiwa kambini, nyuma yake nasikia mitumbwi ikivutwa mchangani: "Kaka, nina tani mbili ndani ya barafu. Mnapokea au hampokei? Niambie ukweli nijue." Nilimwambia ukweli kwamba hatupokei. Akanyamaza, kisha akauliza ni muda gani. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana jibu lilikuwa kwenye tundu la mlima na kwenye upepo.

Minofu iliyokwisha kukatwa iligandishwa ili isafiri kwa meli, kwa bei ya chini. Samaki wazima waliokuwa kambini waliishia soko la samaki la Mwaloni kwa bei ya kutupa. Hasara ilimwangukia mvuvi, kama kawaida: mafuta ya mashine alishayanunua, barafu alishainunua, na kiwanda hakikumfidia hata shilingi.

Watu wengi waliamini anga lilifunguliwa kwa sababu mlima ulinyamaza. Haukunyamaza. Kabla ya wiki ile, kanuni Ulaya ilikuwa ndege isipite kabisa penye majivu, hata kidogo. Ilipofika 20 na 21 Aprili, baada ya watengenezaji wa injini kukubali kipimo, ikaruhusiwa kuruka penye majivu yasiyozidi miligramu 2 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Wingu lenyewe lilikuwa limeshapungua, barafu ya kuzunguka tundu ikiwa imeshayeyuka.

Lori letu la kwanza liliondoka Alhamisi ya tarehe 22, jioni, nusu ya mzigo wa kawaida. Nilimpigia yule wakala wa kambini kumwambia tumeanza kupokea. Mlima uliendelea kutoa majivu hadi karibu na mwisho wa Mei, ukafunga viwanja vya Ireland, Scotland na Hispania kwa siku moja moja, na kila asubuhi kabla ya kufungua daftari nilimuuliza msimamizi upepo wa Iceland unaelekea wapi.